Tumehangaika kwa Madaktari: Je, Tuhamie Kliniki Nyingine?



Mwezi huu nilikuwa nimetayarisha somo juu ya matumizi ya pesa nyumbani. Nimeliweka kando kwa sababu ya barua niliyopewa mkononi baada ya Ibada ya Jumapili hapa Makindu. Mama aliyeiandika ameniruhusu niijibu hadharani, mradi nisimtaje jina wala kigango chake. Nimeifupisha tu. Anasema hivi:

"Mwalimu, mimi na mume wangu tulifunga ndoa kanisani miaka kumi na mmoja iliyopita. Hatujajaliwa mtoto. Sasa nina miaka 39. Mirija yangu ya uzazi imeziba yote miwili. Tuliuza ng'ombe, tukachukua mkopo wa sako, tukaenda kliniki moja Nairobi nitungishwe mimba nje ya mwili. Mara ya kwanza haikushika. Mara ya pili tumbo lilivimba likajaa maji, nikalazwa siku tisa, na viinitete vyote vikawekwa kwenye friza yao. Baadaye wakanipandikizia viwili, havikushika. Vimebaki vinne, na kila mwaka tunadaiwa ada ya kuvihifadhi. Kila nikienda napokelewa na daktari mwingine ambaye hajasoma faili yangu. Nikiuliza kwa nini imeshindikana, naambiwa tujaribu tena. Sasa tumeelekezwa kliniki nyingine. Wao wanasema watafaulu, lakini tuanze upya. Mume wangu anataka kuuza ploti yetu ya kando ya barabara kuu. Mama mkwe anasema pesa zimekwisha bure, afadhali nioe iweto atuletee watoto. Padre hajui lolote. Mwalimu, tuhame au tubaki? Na je, mimi bado ni Mkristo?"

Dada yangu mpendwa, nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilisoma na mke wangu. Nitakujibu kama katekista, maana mimi si daktari wala sikusoma zaidi ya sekondari. Na wenzangu mnaosoma, msiseme hili ni la mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila sita duniani hupatwa na tatizo la kutopata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Katika kila jumuiya ndogo ndogo yupo. Huenda ameketi karibu nawe kwenye benchi.

MAMA WA MIAKA KUMI NA MIWILI

Fungueni Injili ya Marko, sura ya 5, kuanzia mstari wa 25. Yupo mama aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Marko anatuambia kwamba mama huyo alikwenda kwa waganga wengi, akateseka mikononi mwao, akamaliza mali yake yote, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Naona dada yetu anajitambua hapo, hata kabla sijaendelea.

Tuangalie Bwana Yesu alivyomtendea. Alikuwa njiani, ameitwa kwa haraka nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa mahututi. Umati unamsukuma. Mama huyu anagusa vazi kwa siri na kupona kwa siri, na angeweza kwenda zake. Yesu akasimama. Aliuliza ni nani aliyemgusa, akangoja. Yule mama akaja akitetemeka, akaanguka mbele yake, akamweleza mambo yake yote. Yesu hakumkemea kwa sababu ya wale waganga. Hakumuuliza pesa zilikwenda wapi. Alimwita binti yake, akampa amani.

Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu kwanza. Ndiyo, wewe bado ni Mkristo. Ubatizo wako haukufutwa katika chumba cha upasuaji. Lakini umekuwa ukimgusa Bwana kutoka nyuma kwa siri, ukiogopa kuonekana. Nenda kwa Padre. Mweleze yote, kama yule mama alivyofanya. Sakramenti ya Kitubio iko kwa ajili ya watu walio njiani, na hutatoka humo kama ulivyoingia. Mambo mengine ninayoandika hapa chini yatakuwa mepesi zaidi ukianzia hapo.

KANISA LINAFUNDISHA NINI

Lazima niseme wazi, maana kukuficha si upendo. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo la mama yake, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwezi Julai 1978. Hapa Kenya, wa kwanza walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Njia hii, ambayo wengi huiita IVF, huenda hivi: mama huchomwa sindano kwa siku kumi hivi au zaidi ili ovari zake zitoe mayai mengi kwa pamoja. Mayai huvutwa kwa sindano, huunganishwa na mbegu za mume katika maabara, na baada ya siku tatu au tano kiinitete kimoja au viwili huwekwa katika mji wa mimba. Vingine hugandishwa kwa baridi kali. Baada ya wiki mbili hivi mama hupimwa kama ameshika mimba.

Kanisa lilitoa mafundisho yake juu ya jambo hili katika hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987, likayarudia katika Dignitas Personae ya mwaka 2008. Katekisimu inayaeleza katika namba 2373 hadi 2379. Kwa kifupi: mtoto anastahili kupatikana katika tendo la upendo la baba na mama yake, na hapaswi kutengenezwa na mtu wa tatu katika maabara. Kanisa linakataa njia hiyo hata kama yai na mbegu ni za mume na mke wenyewe. Kutumia mbegu, yai au tumbo la mtu mwingine ni kosa zito zaidi. Sababu nyingine ni kwamba katika njia hiyo viinitete vingi hupotea, hutupwa, au huachwa katika baridi, na Kanisa linafundisha kuwa binadamu anastahili heshima ya mtu tangu kutungwa kwake.

Lakini msisikie nusu. Kanisa halikatazi tiba. Namba 2375 inasifu utafiti wa kupunguza utasa. Kutibu maambukizo, kuondoa uvimbe katika mji wa mimba, kufanyiwa upasuaji wa mirija, kutibu homoni, kujifunza siku za rutuba kama akina Billings wa Australia walivyofundisha, yote hayo ni halali. Na mtoto ambaye tayari amezaliwa kwa njia ya maabara ni mtoto wa Mungu kamili. Abatizwe, apendwe, na mtu yeyote asimnyooshee kidole.

Najua utaniambia, "Mwalimu, ungelisema hayo kabla sijauza ng'ombe." Ni kweli. Sisi makatekista huwafundisha wachumba kwa miezi mingi habari za mahari, za mashahidi na za pete, lakini hatuwaambii watafanya nini mtoto asipokuja. Katika hilo mimi nina deni kwenu.

WALE WANNE

Dada yangu, umeniuliza kama mhame au mbaki. Katika barua yako kuna mstari mmoja mfupi umeupita haraka, nami nimeshindwa kuupita: vimebaki vinne.

Kliniki mpya inasema mwanze upya. Kuanza upya maana yake ni sindano tena, mayai tena, viinitete vingine tena. Na wale wanne? Ada ikikosa kulipwa, au karatasi mlizotia sahihi zikifikia mwisho wa muda wake, nini kitatokea? Mlisoma karatasi hizo? Wengi hutia sahihi pale mapokezi huku moyo unapiga, hawajui wameandika nini juu ya watoto wao.

Kwa hiyo, kabla ya kuhama, na kabla ya kuuza hata kuku mmoja, nendeni wote wawili pale kliniki ya kwanza mkaulize kwa maandishi: viko vingapi, vimehifadhiwa hadi lini, na tulitia sahihi kwamba vifanyiwe nini? Msikubali vitupwe. Msikubali vitumiwe kwa utafiti, wala wapewe watu wengine. Hilo mna uwezo wa kulisema leo.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo njia ni nyepesi. Mwezi Mei 1996 Papa Yohane Paulo II aliwasihi wanasayansi waache kuzalisha viinitete, kwa sababu hakuona njia halali ya kuvitoa maelfu hivyo vilivyogandishwa. Dignitas Personae pia inakiri kwamba hapo pana dhuluma ambayo haiwezi kurekebishwa kabisa. Wapo wataalamu wa maadili Wakatoliki wanaoona kwamba mama mwenyewe kuwapokea watoto wake ambao tayari wametungwa ni jambo tofauti na kutunga wengine, na wapo wenye mashaka. Kanisa bado halijatoa hukumu ya mwisho kuhusu swali hilo. Ndiyo maana nasema usiamue peke yako, wala usiamue kwa ukurasa wa gazeti. Mwambie Paroko. Tangu mwaka 2023 sisi wa Makueni tuna Jimbo letu la Wote, na Paroko ana askofu karibu wa kumwuliza. Lakini jambo moja ni wazi hata sasa: kutunga wengine huku hawa wamesahauliwa kungeongeza jeraha juu ya jeraha.

Mkulima wa Makindu akipanda ndengu za mvua ya Novemba zisiote, hakimbilii kulima shamba la jirani siku hiyo hiyo. Kwanza anafukua udongo aangalie mbegu imepatwa na nini.

FAILI YAKO NA MWILI WAKO

Katika jambo hili nakuunga mkono kabisa: huwezi kutibiwa na watu wasiosoma faili yako. Hati ya Haki za Wagonjwa iliyotolewa na Wizara ya Afya ya Kenya mwaka 2013 inatambua haki ya mgonjwa kuelezwa ugonjwa na matibabu yake, na haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Kwenda kwa daktari wa pili si utovu wa nidhamu.

Omba muhtasari wa matibabu yako yote ulioandikwa na kutiwa sahihi. Uwe na mambo haya: vipimo vyako na vya mume wako, picha za mirija, majina ya dawa na vipimo vya sindano, mayai mangapi yalipatikana kila mara, na nini kilisababisha kulazwa kwako. Karatasi hizo utazihitaji hata kama hutakanyaga tena kliniki ya uzazi, kwa sababu daktari yeyote atakayekutibu baadaye lazima ajue kilichokupata.

Tena sikiliza. Kule kuvimba tumbo likajaa maji si jambo dogo. Ni ovari zilizochochewa kupita kiasi na zile sindano. Aliyewahi kupatwa nalo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa tena akichochewa vile vile. Likizidi, damu huganda, figo hudhoofika, pumzi hukatika, na wapo waliokufa. Mama yeyote anayesoma haya akiwa kwenye sindano hizo, akiona tumbo linafura haraka, mkojo unapungua, anatapika, anakosa pumzi au mguu unauma na kuvimba, asingoje asubuhi. Aende hospitali iliyo karibu usiku huo huo na kusema wazi amechomwa dawa gani. Aibu isimuue mtu.

Na hao wanaokuambia watafaulu, wamesoma faili yako wapi? Ni daktari gani mwaminifu anayeweza kuahidi mtoto? Kadiri miaka ya mama inavyozidi 35, mayai hupungua na kudhoofika, na baada ya 40 zaidi. Daktari mzuri atakuambia hivyo kabla ya kukuambia bei. Anayetaja bei kwanza na mashaka mwisho, jihadhari naye, hata kama ofisi yake ina viti vya ngozi.

Siwezi kukutuma kliniki ya pili ukarudie lile lile. Ninaloweza kukuambia ni hili: mtafute daktari wa magonjwa ya wanawake asiyekuuzia kitu, mwonyeshe karatasi zako, umwulize kama mirija yako inaweza kutibiwa kwa upasuaji na kuna hatari gani. Si kila mirija hufunguka, na baada ya upasuaji wa mirija mimba huweza kushika nje ya mji wa mimba, nayo ni hatari. Akisema haifai, utakuwa umeelezwa ukweli. Ukweli hata ukiwa mchungu hautaki ploti.

KWA BABA WA NYUMBA HIYO

Sasa nazungumza na wewe, baba. Mkeo ameandika "mirija yangu". Hakuandika hata neno moja kuhusu vipimo vyako. Vimo katika faili ile, maana hakuna anayefanyiwa jambo hilo bila mbegu za mume kupimwa. Je, mmevisoma pamoja?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa. Mimi na mke wangu tulikaa miaka minne bila mtoto, naye akapimwa mara tatu, peke yake. Alipanda basi kwenda na kurudi, mimi nikibaki nyumbani nikifundisha wakatekumeni juu ya upendo. Nilikataa kupimwa. Nilisema mwanamume hapimwi. Dada zangu walimsema jikoni, nami nilisikia nikanyamaza. Mwaka wa tano nilikubali, ikaonekana tatizo liko kwangu: mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani, na mbegu chache. Nilifanyiwa upasuaji. Mtoto hakuja. Siku niliyosoma karatasi ile, mke wangu hakusema neno lolote. Aliinuka akaweka chai mezani. Mpaka leo najutia miaka ile minne kuliko ninavyosikitikia kukosa mtoto.

Wanaume, nawaomba kama ndugu: mwaka mmoja ukipita bila mimba, mwende wote wawili, siku moja, kwa basi moja. Kisonono na klamidia zisizotibiwa huziba mirija ya mke na kudhuru njia za mbegu za mume. Matubwitubwi ya ujana huweza kudhuru korodani. Na mara nyingi mume ndiye aliyeleta nyumbani ugonjwa ulioziba mirija ya mke, halafu mke ndiye anayeitwa tasa.

Kuhusu ploti: usiiuze. Sheria ya nchi inataka kibali cha mke kabla ya kuuza mali ya ndoa, lakini mimi sitaki mfike huko. Nataka mkae chini mhesabu mlichokwisha kutumia, mlipe mkopo wa sako, mpumzike. Mtu aliye na deni, machozi na haraka hawezi kufanya uamuzi mzuri.

KWA MAMA MKWE

Kwa wasio Wakamba: iweto ni mwanamke anayeolewa na mwanamke mwenzake ambaye hakuzaa. Mahari hulipwa, na watoto atakaozaa huitwa wa nyumba ile. Wazee wetu walibuni desturi hiyo ili nyumba isifungwe na mjane asibaki bila wa kumtunza. Siwadharau. Lakini tusome Mwanzo sura ya 16. Sara naye alikata shauri la namna hiyo akamtoa Hajiri mjakazi wake. Nyumba ilijaa wivu, na mwishowe mwanamke na mtoto walijikuta jangwani na kiriba kitupu. Mungu alimsikia mtoto yule, maana yeye hamwachi yeyote. Waliomfukuza ndio waliopaswa kujuta.

Mama, kijana wako na mkewe waliweka agano mbele ya altare. Kanuni ya 1084 ya Sheria za Kanisa inasema wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Ndoa yao haikosi kitu. Si nusu ya ndoa. Ukitaka kusaidia, mpikie mke wa mwanao siku anapotoka hospitalini. Mwaka mzima ukimwita mwanao kando, mwite naye mara moja umwambie yeye ni binti yako.

KWA JUMUIYA NA MAKATEKISTA

Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya kwanza, kinamtaja Ana aliyelia hekaluni kwa sababu hakuwa na mtoto. Mumewe Elkana alimwuliza kama yeye hakuwa bora kwake kuliko wana kumi. Alimpenda, lakini ilikuwa rahisi kwake kusema hivyo, kwani tayari alikuwa na watoto wa Penina. Na Eli kuhani alimwona midomo inacheza akadhani amelewa. Mtu wa kwanza kumhukumu alikuwa mtu wa dini! Eli alisahihishwa, naye akakubali kusahihishwa na kumbariki.

Basi tuache mazoea haya: kumwombea mtu hadharani "afunguliwe tumbo" bila yeye kuomba, kumwuliza kila Krismasi kama bado, kumnyima kazi ya kushika mtoto wa ubatizo, kumwita "mama wa nani". Siku ya Mama kanisani, wanaposimama akina mama kupewa maua, mwangalie anayebaki ameketi. Ua moja zaidi hugharimu kiasi gani?

KAMA MTOTO HATAKUJA

Najua hili ndilo hutaki niliandike. Katekisimu inasema katika namba 2378 kwamba mtoto hadaiwi kama haki, ni zawadi. Neno hilo hutumiwa vibaya na watu wenye watoto saba kumnyamazisha asiye na hata mmoja. Mimi nalisema nikiwa miongoni mwa wasiopewa.

Zawadi haina risiti. Huwezi kwenda dirishani ukasema nimelipa laki kadhaa, nimechomwa sindano nyingi, nipeni. Ndipo uchungu wako unapozidi, kwa sababu kliniki inakufanya uhisi kama mteja ambaye bidhaa yake imechelewa, na ukikosa unajiona umefanya kosa katika malipo. Hukufanya kosa hilo. Mwili wako haukukuasi. Mungu hakukuadhibu. Elizabeti na Zakaria, anasema Luka, walikuwa wenye haki wote wawili, na bado walizeeka bila mtoto kabla malaika hajaja. Luka ameandika uadilifu wao kwanza, kabla ya mtoto.

Sisi nyumbani tunalea watoto wawili wa marehemu shemeji yangu. Mmoja ananiita baba, mwingine ananiita mwalimu, na wote wawili wanamaliza sukari. Sisemi kwamba walifuta uchungu. Jioni fulani bado mke wangu hukaa kimya, nami nimejifunza kukaa naye bila kuhubiri. Lakini nyumba ina kelele, na mtu wa kupewa karipio na baraka yupo. Ikiwa siku moja mtafikiria kumpanga mtoto nyumbani kwenu, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaonyesha njia ya kisheria, kupitia shirika la kuasili lililosajiliwa na mahakama. Na Kanisa katika kanuni ya 110 linamhesabu mtoto aliyeasiliwa kisheria kuwa mtoto wa wale waliomwasili. Msifanye hivyo kwa hasira ya kliniki. Fanyeni mkiwa mmepumzika, au msifanye. Wapo wenye ndoa takatifu ambao matunda yao ni wanafunzi, wagonjwa na majirani.

Hapa Makindu, wasafiri wa barabara ya Mombasa huingia hekalu la Masingasinga, lililoanza mwaka 1926, wakapewa chakula bure, bila kuulizwa dini wala kabila. Sisi Wakatoliki tunapita hapo kila siku. Je, mama aliyehangaika miaka kumi na mmoja akiingia kwetu, atapewa nini kabla hajaulizwa?

MZUNGUMZE WAWILI

Jioni moja, simu zikiwa zimezimwa, mume na mke waulizane haya:

1. Tumesoma pamoja karatasi tulizotia sahihi, na vipimo vyetu wote wawili?
2. Wale wanne tunawaitaje tunapozungumza? Tunawazungumzia kabisa?
3. Ni nini ambacho sijakuambia tangu tulipoanza matibabu?
4. Kama Mungu hatatupa mtoto, utabaki nami? Mwenzako ajibu kwa sauti.
5. Tutakwenda kwa Padre siku gani?

TUSALI

Bwana Yesu, ulisimama njiani kwa ajili ya mama aliyemaliza mali yake yote kwa waganga. Simama na kwa dada yetu huyu na mumewe. Waponye palipo na jeraha, uwaonyeshe ukweli palipofichwa, uwape madaktari waaminifu. Wale wanne ambao sisi hatujui la kuwafanyia, wewe unawajua. Wako mikononi mwako. Uwafundishe wenye watoto kufunga midomo, na wasio na watoto kuinua vichwa. Utufanye sote familia yako. Amina.

Dada, Jumapili ijayo nitakuwa kigangoni kwenu. Usiniepuke mlangoni. Mke wangu amesema atakuja nami, na kwamba atakaa benchi lako.

Wenu katika Kristo,
Katekista, Makindu